Ubia si Uombaji

Hakuna diwani anayeomba kura bila kutaja mambo matatu. Atasema atainua biashara za wenyeji. Atasema atafufua michezo ili vijana wasipotee. Na atasema atashirikiana na makampuni makubwa ili fedha ipatikane. Mambo hayo matatu ni mema, na ni nadra kumwona mwananchi anayeyapinga. Ila wema wa jambo haupimwi kwa kutajwa jukwaani. Hupimwa kwa kuuliza lipi linatangulia, nani anaamua, na mwisho wa hesabu nani anafaidi.

Zipo sehemu chache nchini zinazoweza kulijibu swali hilo waziwazi kama wilaya mbili za Mkoa wa Mara, Tarime na Serengeti. Tarime ina dhahabu. Huko Nyamongo, mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002 na tangu hapo umebadili wenyewe na majina kama kinyonga. Ulianza mikononi mwa Afrika Mashariki Gold Mines, ukaenda kwa Placer Dome ya Kanada mwaka 2003, ukachukuliwa na Barrick mwaka 2006, ukawekwa chini ya African Barrick Gold mwaka 2010, kampuni iliyojiita Acacia mwaka 2014, kisha ukarudi kwa Barrick mwaka 2019. Baada ya mvutano mkubwa baina ya Serikali na kampuni hiyo, ilizaliwa Twiga Minerals, na kwa makubaliano yaliyotiwa saini Januari 2020 Serikali ikapata hisa za asilimia 16.

Serengeti, kwa upande wake, ina wanyama. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 14,763, imelifanya jina hilo lijulikane duniani kote. Pembezoni mwake yapo mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, ambako kampuni moja ya kitalii imekuwa ikiendesha shughuli zake tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wageni hulala huko kwa malipo ambayo mkulima wa Natta au Issenye hawezi kuyapata kwa mavuno ya msimu mzima.

Kwa hiyo katika wilaya hizi mbili diwani hana haja ya kwenda mbali kutafuta kampuni la kushirikiana nalo. Makampuni yamekwisha kuja. Yamejenga, yamezungushia ukuta na yanavuna. Swali lililobaki ni moja tu: je, halmashauri inakutana nayo kama mshirika mwenye mali, au kama mwombaji aliyesimama mlangoni?

JEZI NA PICHA

Yuko diwani wa aina moja anayejulikana sana. Akisikia neno ubia, wazo lake la kwanza ni barua ya kuomba. Huomba jezi, huomba mipira, huomba mabati, huomba mchango wa sherehe. Siku ya kukabidhiwa huvaa suti, husimama katikati ya meneja na vijana, hupigwa picha, hushukuru mpaka sauti ikakauka. Baada ya miezi mitatu jezi zimepauka, mpira umepasuka, uwanja umerudi kuwa malisho ya mbuzi, na diwani yuko ofisini akiandika barua nyingine.

Mtu anaweza kuuliza: kuna ubaya gani kupokea jezi? Hakuna ubaya wowote katika kupokea. Ubaya uko katika kuihesabu zawadi hiyo kuwa ndiyo matunda ya ubia. Kampuni inayochimba dhahabu katika ardhi ya wananchi, au inayouza kwa wageni mandhari ya nchi yao, ina madeni ya kisheria kwa halmashauri. Diwani anaposhangilia jezi, anampa mdaiwa nafasi ya kulipa deni la ng'ombe kwa kuku, na juu yake kupigiwa makofi.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwaonya Watanzania wasiifanye fedha kuwa msingi wa maendeleo yao, na hasa fedha ya kuomba kwa wengine. Wapo wanaosema onyo hilo limepitwa na wakati kwa sababu uchumi umebadilika. Uchumi kweli umebadilika. Lakini tabia ya kuomba haikubadilika. Imehama tu kutoka kwa nchi mbele ya wafadhili, ikaingia katika kata mbele ya makampuni. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na kampuni si ndugu hata kidogo.

HAKI ILIYOLALA

Yafaa ikumbukwe kwamba serikali za mitaa katika nchi hii zina historia ya kufutwa na kufufuliwa. Zilivunjwa mwaka 1972 ulipoanza mpango wa Madaraka Mikoani. Uzoefu ulionyesha kwamba mwananchi aliyeondolewa chombo chake cha kuamua hupoa na kusubiri amri kutoka juu. Ndipo zikatungwa sheria za mwaka 1982, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Zilirudishwa ili wananchi wapange, wakusanye na watumie kwa hiari yao wenyewe. Hazikurudishwa ili ziwe posta ya kupeleka barua za maombi.

Miongoni mwa sheria hizo ni ile ya Fedha za Serikali za Mitaa, Namba 9 ya mwaka 1982, ambayo kwa marekebisho yake iliipa halmashauri ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni. Asilimia hiyo inaonekana ndogo kama punje ya ulezi. Lakini kwa kila dola milioni 100 za mauzo, ushuru wa kiwango hicho ni dola 300,000.

Sasa itazamwe hasara iliyopatikana. Kwa miaka mingi, kwa mujibu wa mikataba iliyofungwa wakati milango ya uwekezaji wa madini ilipofunguliwa, migodi mikubwa ya dhahabu ilizilipa halmashauri kiwango cha dola 200,000 tu kwa mwaka, bila kujali dhahabu imeuzwa kiasi gani. Mwenye kalamu na apige hesabu. Dola 200,000 ni ushuru wa mauzo yasiyofika dola milioni 67. Mgodi ukiuza dhahabu ya dola milioni 300 katika mwaka, halmashauri ingestahili dola 900,000. Ikipokea 200,000, basi dola 700,000 zimebaki katika mfuko usio wake. Fedha hiyo ingejenga madarasa mangapi? Ingenunua vitabu vingapi? Ni katikati ya miaka ya 2010, baada ya malalamiko mengi, ndipo migodi hiyo ilipoanza kulipa kwa kiwango cha asilimia 0.3.

Katika miaka yote hiyo ya hasara, jezi hazikukosekana. Zilitolewa, na zilipokewa kwa ngoma. Hilo ndilo funzo kubwa kwa kila diwani: haki inaweza kuwa imeandikwa katika sheria na bado ikalala usingizi wa pono, kama hakuna anayeidai.

Funzo hilo linaihusu Serengeti vilevile. Mahoteli na kambi nyingi za kitalii zina ofisi zake kuu Arusha au Dar es Salaam. Biashara inafanyika chini ya migunga ya Serengeti, lakini vitabu vya hesabu viko mbali. Halmashauri isiyo na orodha kamili ya mahoteli yaliyomo katika eneo lake, idadi ya vitanda, na kumbukumbu za malipo ya kila moja, haiwezi kujua inapunjwa au haipunjwi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Diwani wa Mugumu anayetaka ubia wa kweli na aanze na daftari hilo kabla hajaandika barua ya kuomba mipira.

KIFUNGU CHA 105

Kwa upande wa madini, sheria imekwenda mbele zaidi. Marekebisho ya Sheria ya Madini yaliyofanywa mwaka 2017 yaliweka kifungu cha 105. Kifungu hicho kinamlazimisha mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa kuhudumia jamii, na mpango huo haumtoshi yeye peke yake. Sharti ukubaliwe na halmashauri ya mahali husika. Halmashauri ndiyo inayopewa kazi ya kuandaa miongozo, kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi juu ya miradi iliyomo.

Kwa maneno mengine, tangu mwaka 2017 mchango wa mgodi kwa wananchi wa Tarime umetoka katika ulimwengu wa hisani na kuingia katika ulimwengu wa wajibu. Diwani wa Matongo, Kemambo au Nyamwaga hana sababu tena ya kuinama. Anakaa mezani kwa nguvu ya sheria ya Bunge.

Lakini meza haimnufaishi anayekuja mikono mitupu. Mpango wa maendeleo unatakiwa uanze kijijini, katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa utaratibu wa kuibua fursa na vikwazo ambao kila ofisa mipango ameusomea. Penye uzembe utaratibu huo hugeuzwa kuwa muhtasari wa mkutano ambao haukufanyika. Kampuni ina wataalamu wake, ina ramani zake, ina makadirio yake. Halmashauri isiyo na mpango wake itatia saini mpango wa mwenzake, kisha itauita wa pamoja.

Ipo na hatari ya pili, inayotoka ndani ya baraza lenyewe. Ni ugonjwa wa kugawana. Fedha ya miradi inapofika, kila diwani hutaka kipande kwa ajili ya kata yake ili naye apate cha kuonyesha. Matokeo yake fungu ambalo lingemaliza shule moja, zahanati moja na soko moja hukatwakatwa kama nyama ya matambiko. Kata hii hupata msingi usio na kuta, ile hupata kuta zisizo na paa, na nyingine hupata paa lisilo na madawati. Baada ya miaka mitano diwani ana orodha ndefu ya miradi, na mwananchi ana orodha ndefu ya magofu.

Na ipo hatari ya tatu, mbaya kuliko zote: diwani anayegeuka mzabuni. Asubuhi amekaa barazani kupitisha mradi. Jioni, kwa jina la ndugu au rafiki, yeye ndiye anayeuza mchanga na kokoto za mradi huohuo. Sheria inamtaka diwani mwenye maslahi katika jambo linalojadiliwa ayatangaze waziwazi. Ahadi ya mwanachama inamkumbusha kwamba cheo ni dhamana. Anayeificha zabuni yake nyuma ya shemeji amevunja sheria na amevunja ahadi, na mtu wa namna hiyo hawezi kuikagua kampuni, kwa kuwa kampuni inajua siri yake.

Uadilifu unataka isemwe pia kwamba ugonjwa huu hauna kadi ya chama. Tarime imewahi kuongozwa na madiwani wa Chama Cha Mapinduzi, na imewahi kuongozwa na wa upinzani. Wananchi wameona uzembe kwa wote. Lakini Chama kinachoshika dola hakiwezi kujificha nyuma ya makosa ya wengine. Mwenye dhamana kubwa ndiye anayestahili lawama kubwa.

SOKO LILILO MLANGONI

Katika mambo matatu ya diwani, la kwanza liwe biashara za wenyeji, kwa sababu ndilo linalomwachia mwananchi kitu mkononi baada ya dhahabu kwisha.

Mgodi wenye maelfu ya wafanyakazi unakula. Unakula unga, nyama, maharage, ndizi, mayai na mboga. Unahitaji sare, usafi, usafiri, useremala na uashi. Tarime ni nchi ya milima yenye rutuba, inayolima ndizi, mahindi na kahawa, na inayopakana na Kenya kwenye mji wa biashara wa Sirari. Kanuni za mwaka 2018 kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania katika shughuli za madini zinaitaka kampuni iwape kipaumbele Watanzania katika ajira, huduma na bidhaa. Lakini neno Mtanzania ni pana. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam mwenye magari 50 ni Mtanzania, na mama wa Kewanja mwenye kuku 50 naye ni Mtanzania. Bila msaada wa halmashauri, wa kwanza atashinda zabuni zote na wa pili atasoma tangazo lililokwisha muda.

Wapo wanaodai kwamba wenyeji hawana uwezo: bidhaa zao si bora, hazitoshi, hazifiki kwa wakati. Dai hilo lina ukweli, na haifai kulijibu kwa hasira. Mkulima mmoja hawezi kutoa tani tano za viazi kila wiki. Lakini wakulima 80 waliojiunga katika chama cha ushirika, wenye mizani iliyopimwa, ghala safi na mhasibu anayejua kuandika ankara, wanaweza. Kuwafikisha hapo si kazi ya mgodi, ni kazi ya halmashauri. Ofisa biashara, ofisa ushirika na ofisa kilimo wanalipwa mshahara kwa kazi hiyo. Diwani awaulize kila robo mwaka: ni vikundi vingapi vya wenyeji vimeandikishwa, vimepata namba ya mlipa kodi, vimeshinda zabuni, na vimelipwa? Neno la mwisho ni zito. Mfanyabiashara mdogo anayecheleweshewa malipo miezi sita amekwisha kufilisika, hata kama mkataba wake bado uko hai.

Halmashauri yenyewe nayo ijitazame kwenye kioo. Sheria inaitaka itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa nchini kote Aprili 2023, baada ya ukaguzi kufichua vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, ikarejeshwa kwa utaratibu mpya mwaka 2024. Sheria ya Ununuzi wa Umma nayo inataka asilimia 30 ya ununuzi iende kwa makundi maalumu. Halmashauri isiyonunua hata madawati kwa mafundi wake itakuwa na uso gani wa kuiambia kampuni inunue mayai kwa wenyeji?

Suala hili si la mapato tu. Huko Nyamongo, tangu mgodi uanze, vijana wamekuwa wakiingia ndani ya eneo lake kuokota mawe yenye mabaki ya dhahabu. Mei 2011 watu wasiopungua watano waliuawa kwa risasi za polisi katika purukushani za namna hiyo. Wengine wamekufa au kujeruhiwa kabla na baada yake. Kijana anayeruka ukuta usiku akijua kwamba anaweza asirudi amekwisha kupiga hesabu zake, akaona nje ya ukuta hamna kitu. Hakuna kombe la mpira litakalomshawishi vinginevyo. Kitakachomshawishi ni karakana, shamba la umwagiliaji, leseni ya uchimbaji mdogo mahali halali, au mkataba wa kazi wenye jina lake.

Serengeti ina sura nyingine ya jambo hilohilo. Kifungu cha 105 kinahusu madini na hakiyagusi mahoteli ya kitalii. Kwa hiyo soko ndilo daraja kubwa kati ya mgeni na mwanakijiji. Mkulima wa Robanda au Park Nyigoti anaishi na tembo. Usiku hulinda mahindi yake kwa moto na debe. Anaambiwa kila siku kwamba wanyama ni urithi. Urithi huo atauamini siku kabichi lake litakapopikwa katika jiko la hoteli iliyo umbali wa kilomita kumi. Kila gari la mboga linalopita Mugumu likitoka mkoa mwingine kwenda kulisha watalii ni hati ya mashtaka dhidi ya mipango ya halmashauri. Vijiji vya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona vimeonyesha kwamba mwanakijiji anaweza kuwa mwenye ardhi anayepokea mapato ya mwekezaji, na si mtazamaji. Diwani na ajenge juu ya msingi huo, akihakikisha mapato yanasomwa hadharani.

UWANJA KABLA YA KOMBE

Baada ya hayo ndipo yaje michezo; na ije kwa heshima yake, si kama pambo. Serikali ilitambua uzito wa michezo mapema, ikaunda Baraza la Michezo la Taifa kwa sheria ya mwaka 1967. Mkoa wa Mara nao si mgeni katika jambo hili. Suleiman Nyambui, mwana wa Majita, alileta medali ya fedha ya mbio za mita 5,000 kutoka Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na hadi leo Watanzania waliowahi kupata medali ya Olimpiki hawazidi wawili. Mwenzake ni Filbert Bayi.

Lakini mkoa huohuo una kumbukumbu ya uchungu. Timu ya Biashara United ya Musoma ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018, na katika msimu wa 2020/2021 ikamaliza ikiwa ya nne, ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Oktoba 2021 iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2–0 mjini Dar es Salaam. Mchezo wa marudiano haukuchezwa. Timu haikuweza kusafiri kwenda Libya, ikatolewa mashindanoni ikiwa na ushindi wake mkononi, na mwisho wa msimu huo ikashuka daraja. Vijana walitimiza wajibu wao uwanjani. Kilichoshindwa ni uongozi na mipango, katika mkoa wenye dhahabu, wanyama, ziwa na wafanyabiashara wasiohesabika. Timu hiyo haikukosa mashabiki, wala haikukosa ahadi. Ilikosa msingi ulioandikwa: nani analipa nini, lini, na kwa mkataba gani.

Hayo yawe onyo kwa madiwani wa Tarime na Serengeti wanaokimbilia makombe. Mashindano ya siku mbili yenye nembo ya kampuni ni burudani nzuri, lakini mwanariadha halelewi kwa siku mbili. Huanzia katika shule ya msingi, chini ya mwalimu anayejua kupima muda na kufundisha kuanza mbio. Hupita katika UMITASHUMTA na UMISSETA. Anahitaji uwanja uliopimwa na wenye hati, usioweza kumegwa kila mwaka na mwenye kibanda. Diwani anayetaka ubia wa michezo asiombe kombe. Aweke katika mpango wa kifungu cha 105, au katika makubaliano na mahoteli, viwanja vichache vilivyokamilika, mafunzo ya walimu wa michezo na waamuzi, na ligi ya shule inayochezwa kila mwaka, mdhamini awepo asiwepo.

Aidha, katika wilaya hizi mbili michezo ina kazi nyingine isiyotajwa mara kwa mara. Desemba, hasa ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, ndio msimu ambapo wasichana wengi wa Tarime na Serengeti hukabiliwa na ukeketaji. Shule zimefungwa, mwalimu yuko likizo, na binti hana pa kukimbilia isipokuwa vituo vichache vya hifadhi vinavyofurika. Ligi ya wasichana ya mwezi huo, yenye kambi, chakula na walezi wanaoaminika, ingekuwa ngao kubwa kuliko hotuba mia moja. Mbio za hisani za wasichana zimekwisha kufanyika Serengeti kwa msaada wa wawekezaji wa utalii, na hilo ni jema. Je, bajeti ya halmashauri yenyewe ina shilingi ngapi kwa ajili ya Desemba?

WAJIBU WA MTUMISHI NA MWALIMU

Wapo watakaosema kwamba kuyadai makampuni kwa ukali kutayafukuza. Hoja hiyo ni kasumba ya zamani. Dhahabu ya Nyamongo haifungwi magurudumu, wala nyumbu wa Serengeti hawapandishwi ndege kuhamishiwa Ulaya. Mwekezaji makini hupenda halmashauri yenye mpango ulioandikwa, kwa sababu anajua anadaiwa nini na atadaiwa lini. Anayeogopa mpango ni yule aliyezoea kumaliza mambo kwa bahasha na jezi.

Wapo pia wanaodhani kwamba adui ni kampuni. Hao nao wanakosea. Kampuni lilikuja kutafuta faida, na halikuficha nia hiyo. Aliyeapa kuwatumikia wananchi ni diwani. Aliyeajiriwa kumshauri ni mtumishi wa halmashauri.

Na hapa ndipo mtumishi na mwalimu wanapoingia. Diwani wengi hawakusomea uhasibu wala sheria, na hilo si aibu; wamechaguliwa kwa kuaminiwa. Lakini mweka hazina, mwanasheria, ofisa mipango na mtendaji wa kata wamesoma. Wanapomwachia diwani atie saini asichokielewa, kosa si lake peke yake. Mtumishi anayeujua ushuru wa huduma na kunyamaza ameshiriki kuupoteza. Mwalimu naye, ambaye katika kijiji ndiye msomaji wa kwanza wa gazeti na mwandishi wa mihtasari ya mikutano, ana uwezo wa kuwasomea wananchi tangazo la mapato na matumizi, na kuwafundisha kuuliza maswali. Kijiji chenye mwalimu mwenye ujasiri ni vigumu kukidanganya.

Kwa hiyo wananchi wa Tarime na Serengeti wampime diwani wao kwa mambo yanayohesabika. Kwanza, daftari la kila kampuni na kila hoteli, pamoja na ushuru wake, lisomwe barazani na libandikwe katika ubao wa matangazo wa kila kata. Pili, mpango wa miradi utoke vijijini, uwe na miradi michache inayokamilika, na kila diwani mwenye maslahi ajitaje na kutoka nje ya kikao. Tatu, ushirika wa wazalishaji uundwe na uwe na mikataba ya kuuza mgodini na mahotelini, yenye tarehe za malipo. Nne, michezo iwe na viwanja, walimu na ligi katika bajeti, kabla ya kombe lolote la mdhamini. Diwani atakayetimiza hayo apokee na jezi akipewa. Vijana wazivae, na asiwepo atakayemlaumu.

Wahenga walisema mgeni ni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Mgodi umekaa Nyamongo tangu mwaka 2002, na watalii wamekuwa wakija Serengeti kwa vizazi kadhaa. Siku ya tatu ilikwisha kupita zamani. Kazi ya diwani ni kumkabidhi mgeni jembe, kumwonyesha mpaka wa shamba, na kulima pamoja naye.